Safari ya Kwenda Kumlilia Bibi Harusi

Mwenye nyumba ya wageni aliponiona nafunga mzigo kwenye keria, aliniuliza swali nililoulizwa na kila mtu tangu nitoke Yichang: mume wangu yuko wapi? Nikamwambia amekufa. Akauliza, na watoto? Nikamwambia mmoja tu, yuko Wuhan, ana gari zuri, na hapana, hajui kwamba nimelala kwako. Alitikisa kichwa kwa masikitiko, akanijazia chupa ya maji moto, kisha akanisukumia mikate miwili ya mvuke ambayo sikuiomba. Watu wa milima yetu ndivyo walivyo. Watakusema na watakulisha, na ukikataa kimoja umekataa vyote.

Ilikuwa siku yangu ya mwisho njiani. Mbele kulikuwa na mlima, handaki refu, mteremko wa kutisha, halafu kijiji cha Baiyan, alikoolewa mdogo wangu Lianzhi. Kesho yake mwanawe wa pekee, Qiuyan, angetolewa nyumbani kwa baba yake kwenda kwa mume. Jioni ya kuamkia harusi, kabla ya taa kuwashwa, angekaa kitandani na kulia, na mimi ndiye niliyetakiwa kulia naye.

Kwetu bibi harusi hulia. Halii ovyo kama mtoto aliyenyimwa andazi. Analia kwa maneno, kwa mahadhi, na kwa zamu. Humlilia mama yake kwanza, kisha baba, kisha kaka, kisha shangazi na mama wakubwa, na kila anayeliliwa sharti ajibu kwa kilio chake. Wanawake wa kijiji husimama dirishani kusikiliza, na siku ya pili utasikia nani alilia vizuri na nani alikuwa anapiga miayo. Msichana asiyejua kulia husemwa hakulelewa. Anayemjibu kwa macho makavu husemwa amefurahi kumwona anaondoka. Siku hizi wengi wameuacha huo mtindo, wanakodi vipaza sauti na mpiga picha, basi. Lakini Qiuyan alinipigia simu mwezi uliotangulia kutoka Enshi, anakofanya kazi ya uuguzi, akasema anataka kulia.

Nilimuuliza anataka ya nini mambo ya kizamani, yeye msomi. Akasema, "Mama mkubwa, zamu ya kwanza ni ya mama. Nikimlilia na asiwepo wa kunijibu, nitaonekana naongea na ukuta. Njoo unijibu wewe."

Nilisema nitakuja. Ungesema nini? Nilipoweka simu chini ndipo nilipoona nilichojitwika. Mume wangu alipokufa nilimlilia vizuri, majirani wa ghorofa ya nne wakateremka kunishika. Lakini Lianzhi, aliyekufa mwaka mmoja kabla yake, sikumlilia hata tone. Nilifika msibani, nikavaa kitambaa cheupe kichwani, nikaingia jikoni. Nilikuwa mpishi wa kiwanda maisha yangu yote, basi niliwapikia waombolezaji mpaka siku ya kuzika, nikaosha mabakuli, nikarudi Yichang. Watu walinisifu kwamba nina moyo wa chuma. Mimi nilijua kwamba kuna kitu kimekauka, na kila nilipofikiri jina la mdogo wangu macho yalibaki kama jiwe la kisima kilichokauka. Miaka sita sasa. Na mtoto wake alikuwa ananingojea nimlilie mbele ya kijiji kizima.

Ndiyo sababu nilipanda baiskeli. Mwanangu aligomba sana. Alisema basi lipo, treni ipo, hata yeye mwenyewe angeomba ruhusa anipeleke, na mwanamke wa umri wangu akionekana peke yake barabarani na baiskeli watu watasema mwanawe ni wa hovyo. Nikamwambia waache waseme, mdomo ni wao. Tangu nistaafu nimeshazunguka na baiskeli ile mpaka Jingzhou na kurudi, na nimegundua jambo moja: ukiendesha peke yako kutwa nzima, ifikapo alasiri mwili unachoka kuficha vitu. Nilitumaini mlima utanikamua. Ndani ya basi ningesinzia tu na kufika na macho yangu makavu.

Siku ya kwanza haikunikamua. Siku ya pili ilinikamua jasho. Asubuhi hii ya mwisho ukungu ulikuwa mzito, nikawasha taa ya mbele na kuanza kupanda taratibu kwa gia ya chini kabisa, pedali zikizunguka upesi na baiskeli ikitambaa. Malori yalinipita yakipiga honi, si kwa ubaya, ni kunijulisha tu kwamba ninakaribia kufa. Ukungu ulipoinuka niliona mahindi yamening'inizwa chini ya mapaa na moshi ukitoka kwenye vibanda vya kukaushia nyama. Mbwa wa nyumba ya tatu alinikimbiza, mbwa wa nyumba ya nne akamsaidia.

Kwenye kona moja wanawake waliokuwa wakipalilia chai waliinuka kunitazama. Mmoja akapaza sauti kuniuliza nakimbia nini, mume au deni. Nikamjibu namkimbia mkwe. Walicheka mpaka wakaegemea majembe, na mwingine akaniambia nisisimame basi, wakwe wa siku hizi wana pikipiki. Nilicheka nao, lakini nilipopita nilijua kwamba si kicheko nilichokuja kutafuta.

Nilijaribu kufanya mazoezi. Nilikuwa nimejitungia maneno ya kumjibu Qiuyan, nikayakariri jikoni kwangu. Lakini kupanda mlima na kulia ni kazi mbili zinazogombea pumzi moja. Nilisema "mwanangu" nikahema, nikasema "mwanangu" tena nikakohoa. Nikaamua kungoja handaki.

Handaki lile lina giza katikati hata mchana, na magari ni machache. Niliingia, nikashuka kwenye baiskeli, nikaanza kuikokota karibu na ukuta, taa ya nyuma ikiwaka. Nikafungua kinywa, nikalia kwa nguvu zangu zote. Sauti ilizunguka ikanirudia kubwa kuliko ilivyotoka. Hapakuwa na machozi, lakini lo, ilikuwa sauti. Nikasema moyoni, angalau masikio yao nitayadanganya. Nikarudia, nikarudia tena, mpaka nikaona mwanga wa upande wa pili.

Mwangani alisimama mwanamke mzee mwenye jembe mkononi, anatweta. Nyuma yake meza ya machenza ilikuwa imepinduka na matunda yanateremka barabarani moja moja.

"Amegongwa nani?" aliniuliza. "Mumeo? Yuko wapi?"

Nilimwambia hakuna aliyegongwa. Nafanya mazoezi ya kumlilia bibi harusi.

Alinitazama, akaitazama baiskeli, akanitazama tena. Kisha akaweka jembe chini na kukaa juu ya mpini wake. Alisema yeye ni mama Ran, anauza machenza hapo tangu handaki lifunguliwe, na ameshawaona watu wawili wakitolewa mle wakiwa maiti, kwa hiyo nisimfanyie tena mchezo huo. Niliomba radhi. Tulifukuzana na machenza yake mpaka tukayaokota, kasoro yaliyokwenda bondeni, na tulipomaliza akanimenyea moja, akanipa kipande kimoja kimoja kama mtoto.

"Sasa nikuulize," akasema. "Hao watu unaokwenda kwao wamekukosea nini?"

"Kwa nini?"

"Unakwenda kuwazika. Kile ulicholia mle ndani ni kilio cha msiba, dada. Nimetoka mbio na jembe kwa sababu nimekisikia."

Nilibisha. Akaniambia nilie tena, pole pole. Nikalia. Akanisimamisha kwenye neno la mwisho, akaninyooshea kidole chenye maji ya chenza. Hapo, akasema, unashusha sauti. Anayemlilia maiti hushusha mwishoni kwa sababu hangoji jibu. Kilio cha harusi huishia juu, unaiacha sauti imesimama ili mwenzako aipokee. Akanionyesha. Alikuwa na sauti mbovu, ya kukwaruza, lakini neno la mwisho aliliacha likining'inia hewani mpaka mimi mwenyewe nikahisi natakiwa kusema kitu.

Nilikaa chini kando yake. Nilikuwa nimelia misiba mingi na harusi za kilio zilikuwa zimekwisha zamani kwetu, kwa hiyo kosa lilikuwa la kueleweka, lakini lilinitia baridi. Ningeingia chumbani kwa yule mtoto usiku wa kuamkia harusi yake na kumwimbia jeneza. Kuna wanawake Baiyan ambao wangeomba dunia iwameze, na wengine ambao wangelisimulia jambo hilo mpaka kaburini.

Basi nikamweleza yote, maana ni rahisi kumwambia mtu ambaye hutamwona tena. Nikamwambia hata nikiipata sauti, machozi sina. Nikamweleza kuhusu Lianzhi. Kila Jumapili nilimpigia simu, na kila Jumapili alisema ni mzima, chai imechipua vizuri, na magoti yako yanaendeleaje, dada? Alikuwa anatapika damu wakati huo. Hakwenda hospitali, hakumwambia mumewe mpaka hakuweza kuinuka, na mimi nilipopigiwa simu alikuwa ameshalazwa kwenye sanduku. Nikamwambia mama Ran kwamba huenda sikumpenda mdogo wangu kama nilivyodhani. Mtu humlilia ampendaye.

Mama Ran akatema mbegu. "Nani amekudanganya? Harusini kwangu aliyenililia vizuri kuliko wote ni wifi yangu, na tulikuwa hatupikiani hata uji. Alinichukia, nami nilimchukia. Tulishikana tukalia mpaka watu wakaacha kula. Mama yangu aliyenipenda alilia kidogo akaenda kuangalia nguruwe."

"Sasa alikuwa analilia nini, huyo wifi?"

"Nitajuaje? Alikuwa na yake. Kila mtu analia na alicho nacho. Usiende pale na usicho nacho."

Halafu akaniambia jua halinisubiri, na kwamba mteremko uliopo mbele umeshawashinda wanaume wenye miguu mizuri kuliko yangu. Alinijazia machenza kwenye mfuko wa usukani na kukataa malipo kwa ukali, akisema anachotaka ni nisipite tena handakini nikipiga kelele. Nilimshika mikono yote miwili. Nilitaka kumwambia kitu kizuri, lakini alikuwa ameshageuka kupanga meza yake.

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Barabara ilijikunja kona baada ya kona juu ya bonde, na breki zangu za nyuma zilianza kulia kuliko nilivyolia mimi. Nilisimama mara nyingi kuzipoza rimu, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Kila niliposimama nilijaribu ile sauti ya kuishia juu. Ilikuwa inakuja. Machozi ndiyo hayakuja, na jua lilikuwa limeshauacha upande wetu wa mlima.

Niliingia Baiyan wakati kuku wanapanda vibandani. Uwanja wa shemeji yangu Hongkui ulikuwa umejaa meza na moshi, nguruwe wameshachinjwa, kipaza sauti kimefungwa juu ya mlango. Hongkui alinipokea baiskeli akaishika kama mtu anayeshika punda wa mgeni asiyejua amfunge wapi. Amezeeka sana, shemeji yangu. Aliniuliza kama nimekula, nikamwambia nitakula nikimaliza. Akaniambia taratibu kwamba kama nimechoka si lazima, siku hizi hakuna anayejali mambo hayo. Nikatazama dirishani. Wanawake wa kijiji walikuwa wameshajipanga kuanzia mlangoni hadi kwenye lundo la kuni, wengine na watoto mgongoni. Nikamwambia naona hawajali kweli.

Nilinawa uso kwa maji ya beseni nikaingia.

Qiuyan alikuwa amekaa kitandani katikati ya wasichana wenzake, amevaa nyekundu, nywele zimefungwa juu. Wasichana walikuwa na simu mkononi wanapiga picha. Aliponiona, alinyoosha mkono kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka mitatu, nikaenda nikakaa mbele yake, magoti yakigusana. Alikuwa na kidevu cha Lianzhi. Nilikuwa nimekisahau.

Akaanza. Alikuwa amejifunza, Mungu ambariki, na sauti yake ilikuwa safi:

"Mama uliyenisuka nywele kabla jogoo hajawika, kesho nitasukwa na nani? Mama uliyenionjesha mboga kwenye kijiko kabla baba hajala, kesho nitaonja kwa nani? Naondoka na viatu vipya, na wewe hukuvishona."

Neno la mwisho akaliacha juu, kama inavyotakiwa. Likabaki pale.

Ilikuwa zamu yangu. Nilifungua kinywa nikayatoa maneno yangu niliyoyakariri, kwamba mwanangu nenda kwa amani, kwamba mlango wa kwenu hautafungwa. Sauti iliishia pale ilipotakiwa kuishia. Haikuwa na kosa. Na ilikuwa kavu, kavu kabisa, kila mtu aliisikia. Nje mtu akakohoa. Msichana mmoja akashusha simu yake. Qiuyan alikuwa ananitazama, na kwenye uso wake niliona anajitayarisha kunisamehe.

Hilo sikuliweza. Mtoto ambaye mama yake hakumuaga, anakaa usiku wake mkubwa kumsamehe mwingine tena. Nikasahau maneno yangu yote. Nikamgeukia asiyekuwepo.

"Lianzhi," nikasema, na sauti ikapanda yenyewe, sijui ilitoka wapi. "Lianzhi, mwongo wewe! Nilikuuliza wewe ni mzima, ukaniuliza magoti yangu! Unatapika damu, unaniuliza magoti! Nani alikutuma kuwa jasiri? Umeniachia mwanao nimwoze mimi, mpishi wa kiwanda, nisiyejua hata kulia sawasawa. Njoo umlilie mwenyewe! Hii ni zamu yako. Si yangu, ni yako, na umekwenda zako bila kuniaga, kana kwamba mimi ni mpita njia!"

Kuna sehemu katika kilio chetu ambapo bibi harusi humtukana mshenga, na watu hucheka. Hakuna sehemu ya kumtukana mama wa bibi harusi, marehemu, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Nilisikia wanawake dirishani wakivuta pumzi. Lakini sikuweza kunyamaza, kwa sababu uso wangu ulikuwa umelowa mpaka shingoni na ilikuwa inatoka yote, miaka sita, na nilikuwa namwita mwongo, mwongo, mdogo wangu mwongo, nikijipiga mapaja kama mwendawazimu. Nilimkasirikia, jamani. Nilikuwa nimemkasirikia muda wote huo na nikadhani sina moyo.

Dirishani mtu akaanza kulia, kisha mwingine. Nilisikia hatua za Hongkui zikienda upande wa jikoni haraka.

Qiuyan aliniangukia begani. Machozi yake mpaka wakati ule yalikuwa ya mistari aliyojifunza, yanakuja na kukoma penye kituo. Aliniwekea mdomo sikioni ili wenzake wasisikie, akaacha mahadhi, akasema kwa sauti yake ya kila siku:

"Mama mkubwa, nilidhani ni mimi peke yangu niliyemkasirikia."

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Tuko wawili."

Hapo ndipo alipolia kweli.